«Faili inakosekana»: kwa nini programu inafunguka Beni na inakataa Butembo

Programu imenakiliwa kwenye flashi huko Beni, imefika Butembo salama, lakini ikiguswa haifunguki. Ordinatere inaandika tu kwamba faili fulani inakosekana. Wengi wanafikiri ni virusi, wengine wanasema masini imechoka. Mara nyingi si hivyo. Tatizo ni maktaba za programu, yaani vipande ambavyo programu nyingi zinatumia kwa pamoja na ambavyo havifanani toka sistemu moja hadi ingine. Ukurasa huu unaeleza maktaba hizo ni kitu gani, kwa nini ya Windows haiingii kwenye Linux, na nini cha kufanya kabla ya kulipa fundi.

Sauti iliyofika lakini haikupita antena

Chukua mfano wa kawaida. Ni saa kumi na moja na nusu jioni. Mwandishi wa habari aliyeko Oicha ametuma kwa WhatsApp sauti ya mkaaji anayeeleza kipande gani cha barabara hakipitiki. Taarifa ya habari inaanza saa kumi na mbili. Katika studio, teknisie anavuta sauti hiyo ndani ya Audacity ili aikate na kuisafisha. Audacity inamjibu kwamba haitambui aina hiyo ya faili, ao kwamba haioni maktaba ya FFmpeg.

Sauti yenyewe ni nzima. Kwenye simu inasikika vizuri. Lakini saa kumi na mbili inafika, na mtangazaji anabaki kusimulia kwa kinywa chake jambo ambalo msikilizaji alipaswa kulisikia kutoka kwa mtu aliyeliona.

Katika eneo la Beni na Butembo hilo si jambo dogo. Tangu tarehe 1 mwezi wa nane 2018, siku Ebola ilipotangazwa, hadi tarehe 25 mwezi wa sita 2020, siku mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, uvumi ulikuwa unakimbia kuliko habari. Leo ni vile vile kwa usalama wa barabara. Mkaaji anataka kusikia sauti ya mtu wa kule kule, pamoja na lafuzi yake. Sauti hiyo ikibaki ndani ya simu kwa sababu ya faili moja iliyokosekana, kuna mtu ambaye kesho asubuhi atapita njia ambayo hakupaswa kupita.

Maktaba ya programu ni nini?

Katika mitaa ya Butembo si kila nyumba iliyo na mashine yake ya kusaga. Kuna mashine moja ya mtaa, na kila familia inapeleka mihogo ao mahindi yake pale. Hivyo ndivyo maktaba ya pamoja inavyofanya kazi ndani ya ordinatere.

Programu nyingi zina kazi zinazofanana: kuchora dirisha kwenye skrini, kuhesabu tarehe, kusoma picha, kugeuza sauti kuwa MP3. Kama kila programu ingeandika upya kazi hizo zote, kila moja ingekuwa nzito na ingejaza diski. Basi waandishi wa programu wanaweka kazi hizo ndani ya faili ya pembeni. Programu ikiwashwa, inaita faili hiyo na kusema: nisagie hii.

Faida ziko wazi. Diski inapumua, na kumbukumbu ya masini pia. Kukiwa na kosa ndani ya maktaba, linatengenezwa mara moja na programu zote zinazoitumia zinapona. Lakini hasara nayo iko: mashine ya mtaa ikiharibika, mtaa mzima unalala bila unga. Maktaba ikikosekana, programu zote zinazoitegemea zinasimama, hata kama zenyewe hazina kosa lolote.

Ni kwa sababu hiyo kunakili alama ya programu ao folda yake peke yake kwenye flashi hakutoshi mara nyingi. Folda imesafiri, lakini mashine ya kusaga imebaki Beni.

Kufuli la kwanza: sistemu

Kuna sistemu tatu kubwa za ordinatere: Windows ya Microsoft, Linux ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, na macOS ya kampuni Apple. Kila moja ina maktaba zake, na zinatambulika kwa herufi za mwisho wa jina. Kwenye Windows jina linaishia kwa .dll. Kwenye Linux linaishia kwa .so, na mara nyingi namba inafuata. Kwenye Mac linaishia kwa .dylib.

Watu wengine wanajaribu kubadili jina tu: wanafuta .dll na kuandika .so. Haisaidii kitu. Ni kama kubandika jina la Boxer kwenye kabiratera ya TVS. Mataksimani wa pikipiki wanajua vizuri kwamba piese mbili zinaweza kuwa na jina moja na kazi moja, lakini matundu ya bulo hayakutani.

Katika ordinatere pia matundu hayakutani, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni jinsi faili inavyopangwa ndani. Windows inatumia mpangilio unaoitwa PE, Linux inatumia ELF, Mac inatumia Mach-O. Linux ikifungua faili ya PE, haioni pa kuanzia kusoma.

Sababu ya pili ni jinsi programu na maktaba zinavyopokezana vitu. Programu ikiita kazi fulani, inapaswa kuacha vitu vya kufanyia kazi hiyo mahali ambapo maktaba itavikuta. Ndani ya prosesa za Intel na AMD za biti 64, Windows inaweka vitu vinne vya kwanza katika visanduku vya ndani ya prosesa, na vinavyobaki inaviweka pembeni kwenye kumbukumbu. Linux na Mac zinatumia visanduku sita, na hata mpangilio wa visanduku hivyo ni tofauti. Maktaba ikitafuta mzigo katika kisanduku ambacho programu haikukitumia, inakuta kitu kingine kabisa, na programu inaanguka. Mapatano haya kati ya programu na maktaba ndiyo yanayoamua kama vitu viwili vinaelewana ao la.

Simu za Android nazo zina maktaba zinazoishia kwa .so, kwa sababu Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Lakini usidanganyike. Simu nyingi zina prosesa ya aina ya ARM, si ya Intel, na maktaba ya msingi ya Android si ile ya Linux ya mezani. Kwa hiyo .so ya simu haifai kwenye ordinatere ya Linux, na ya ordinatere haifai kwenye simu.

Kufuli la pili: biti 32 ao biti 64

Hata ndani ya Windows yenyewe, mambo hayajaisha. Kuna programu za biti 32 na programu za biti 64. Namba hiyo inaonyesha ukubwa wa anwani ambazo programu inatumia kutafuta vitu katika kumbukumbu. Anwani za biti 32 zinafika hadi giga 4 tu. Ordinatere nyingi za zamani, zile zinazouzwa mara ya pili na kufika kwetu kwa njia ya Kampala na mpaka wa Kasindi, bado zina Windows ya biti 32 ndani.

Sheria ni moja: programu ya biti 32 inataka maktaba ya biti 32, na ya biti 64 inataka ya biti 64. Windows ya biti 64 inaweza kuendesha programu za aina zote mbili, lakini ndani ya programu moja haziwezi kuchanganywa. Windows ya biti 32 inaendesha za biti 32 tu.

Zikichanganywa, mara nyingi Windows inaonyesha kosa lenye namba 0xc000007b. Ukiona namba hiyo, jambo la kwanza la kuangalia ni biti.

Hapa kuna mtego ambao umewapoteza hata mafundi wazuri. Katika Windows ya biti 64, folda inayoitwa System32 ndiyo inayobeba maktaba za biti 64. Zile za biti 32 zinakaa ndani ya folda inayoitwa SysWOW64. Majina yanasema kinyume cha kilicho ndani. Microsoft iliacha jina la System32 lilivyokuwa, kwa sababu programu nyingi za zamani zilikuwa zimezoea kutafuta vitu pale. Fundi anayetupa DLL ya biti 32 ndani ya System32 kwa kufuata jina, amekosea folda.

Kufuli la tatu: namba ya toleo

Tuseme sistemu ni ile ile na biti ni zile zile. Bado kuna toleo. Maktaba zinaendelea kubadilika: kazi mpya zinaongezwa, za zamani zinatolewa, ao zinabadili jinsi ya kupokea vitu. Mabadiliko yakiwa makubwa, waandishi wanabadili namba iliyo katika jina la maktaba ili programu zisichanganyikiwe.

FFmpeg ni mfano mzuri. Ni mkusanyiko wa maktaba za bure za kusoma na kugeuza sauti na video, uliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Kipande chake kinachofungua faili za aina mbalimbali kinaitwa avformat. Katika FFmpeg ya 4 kipande hicho kina namba 58, katika FFmpeg ya 5 kina namba 59, na katika ya 6 kina namba 60. Kwenye Windows utaona avformat-58.dll, na kwenye Linux utaona libavformat.so.58.

Programu iliyotengenezwa kwa kutumia 55 haitakubali 60 eti kwa sababu 60 ni mpya. Inatafuta 55. Ikikosa, inasema haikuona kitu, hata kama ndani ya masini kuna FFmpeg nzima nzima ya mwaka huu.

Turudi studio: Audacity na maktaba zake mbili

Audacity ni programu ya bure ya kurekodi na kufanya montaji ya sauti. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg kwenye chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na ikatolewa kwa watu mwaka 2000. Inapatikana kwa Windows, kwa Linux na kwa Mac. Radio ndogo katika nchi nyingi zinaipenda kwa sababu haiombi malipo wala funguo ya siri.

Kwa miaka mingi Audacity ilikuja bila uwezo wa kutoa MP3. Mtu alipaswa kutafuta mwenyewe maktaba ya pembeni inayoitwa LAME: lame_enc.dll kwa Windows, libmp3lame.so kwa Linux, libmp3lame.dylib kwa Mac. Kazi ni moja, lakini faili ni tatu, na hakuna hata moja inayoweza kukaa mahali pa ingine. Haikuwa uzembe wa watengenezaji. MP3 ilikuwa na hati miliki, na wenye hati walikuwa wanadai malipo. Mpango huo wa malipo ulifungwa tarehe 23 mwezi wa ine 2017. Tangu Audacity 2.3.2 ya mwaka 2019, LAME inakuja ndani kwa watu wa Windows na wa Mac.

Kwa FFmpeg hali haijabadilika. Bado inawekwa pembeni, na sababu ni zile zile za hati miliki kwa aina zingine za sauti. Bila FFmpeg, Audacity inafungua WAV, MP3, OGG ya kawaida na FLAC. Lakini faili za M4A, ambazo simu nyingi zinarekodi, inazikataa. AMR ya simu za zamani, inaikataa pia. Sauti za WhatsApp zimefungwa kwa njia inayoitwa Opus, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2012, na matoleo ya zamani ya Audacity hayaifungui bila FFmpeg. Hata kama jina la faili linaishia kwa .ogg, ndani yake inaweza kuwa Opus. Ndiyo maana teknisie anasema: «Jana OGG ilifunguka, leo imekataa.»

Sasa makufuli yote matatu yanakutana hapa. Audacity ya 2.4 kwa Windows ni ya biti 32 na inatafuta avformat-55.dll. Audacity za biti 64 kwa Windows zilianza kutoka mwaka 2021, na zinataka FFmpeg ya biti 64. Mtu akibadilisha Audacity ya zamani kwa mpya na kuacha FFmpeg ya zamani, M4A zinaacha kufunguka siku hiyo hiyo. Atasema Audacity mpya ni mbaya. Kumbe amebadili mota na kuacha mkanda wa zamani.

Iko njia ya haraka ya kuokoa taarifa ya saa kumi na mbili. Ni VLC, ile programu ya alama ya koni. VLC imebeba ndani yake vyote inavyohitaji, haiendi kuomba mashine ya mtaa. Inasoma Opus, M4A na AMR bila msaada wa nje. Katika menyu yake kuna sehemu ya kugeuza faili. Ukichagua muundo wa sauti wa CD, utapata WAV, na WAV inafunguka katika Audacity yoyote, ya mwaka wowote, kwenye sistemu yoyote.

Windows ya zamani na faili zenye majina magumu

Nje ya radio, kosa linaloonekana sana katika sekretaria za fotokopi na nyumbani kwa wanafunzi ni lile la faili kama msvcr100.dll, msvcp140.dll ao vcruntime140.dll. Majina yanatisha lakini maana yake ni nyepesi. Ni maktaba za Microsoft kwa programu zilizoandikwa kwa lugha za C na C++. Namba ndiyo inayosema toleo: 100 ni la mwaka 2010, 110 ni la 2012, 120 ni la 2013. Namba 140 ni ya 2015, na imebaki ile ile kwa 2017, 2019 na 2022, kwa sababu Microsoft ilikubali kulinda mapatano yale yale katika matoleo hayo.

Dawa si kutafuta faili moja moja. Microsoft inatoa bure furushi lenye maktaba hizo zote za toleo moja. Furushi la namba 140 linaitwa vc_redist, na liko la x86 kwa programu za biti 32 na la x64 kwa programu za biti 64. Kwenye Windows ya biti 64 ni vizuri kuweka yote mawili.

Kwenye Windows 7, furushi hilo linaweza kukataa ao kuomba faili ingine inayoanza na api-ms-win-crt. Hapo masini inahitaji kwanza Service Pack 1, kiisha marekebisho ya Microsoft yenye namba KB2999226. Bila mambo hayo mawili, kuweka na kutoa programu ni kuchosha masini bure.

Lakini kuna mpaka ambao dawa haivuki. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 mwezi wa kwanza 2020. Tangu hapo, waandishi wa programu wanaendelea kuita kazi ambazo Windows 7 haikuwa nazo kamwe. Chrome ya mwisho kwa Windows 7 ni ya 109. Lugha ya Python, ambayo wanafunzi wengi wa informatiki wanaitumia, ilisimama kwenye 3.8. Mwanafunzi anayeweka Python 3.9 kwenye Windows 7 anaambiwa kwamba faili ya api-ms-win-core-path inakosekana. Hata akiipata mahali fulani na kuibandika, hajapata kazi yenyewe. Afadhali aweke 3.8 na aendelee na masomo yake. Windows 10 nayo imeingia katika njia hiyo: Microsoft ilisimamisha utunzaji wake wa kawaida tarehe 14 mwezi wa kumi 2025.

Kwenye Linux: kosa ni ile ile, sura ni ingine

Baadhi ya wakaaji wanahamia Linux kwa sababu ni ya bure na masini za zamani zinapumua nayo. Kule kuna programu maalum ya kuweka vitu, kwa mfano apt katika Ubuntu na Debian. Ukiomba Audacity, apt inaangalia yenyewe maktaba gani zinahitajika na kuzileta zote pamoja. Kwa mwenye mtandao mzuri, ni raha.

Shida inaanza kwa asiye na mtandao, ao kwa anayeleta programu kwenye flashi kutoka masini ingine. Maktaba ya msingi kabisa ya Linux inaitwa glibc. Ubuntu ya 20.04 ina glibc ya 2.31, na Ubuntu ya 22.04 ina ya 2.35. Programu iliyotengenezwa kwenye ya 22.04 inaweza kukataa kwenye ya 20.04 na kuandika kwamba toleo fulani la GLIBC halikuonekana. Kinyume chake mara nyingi kinakubali: programu ya zamani kwenye sistemu mpya. Kwenye Windows pia ni hivyo kwa sehemu kubwa. Cha zamani kinavumiliwa na kipya, lakini kipya hakivumiliwi na cha zamani.

Anayetaka kujua nini kinakosekana anaweza kufungua dirisha la amri na kuandika ldd, kiisha njia ya programu. Linux itaorodhesha maktaba zote na kuonyesha zile ambazo haikuziona. Kulazimisha glibc mpya ndani ya Ubuntu ya zamani ni hatari kubwa. Karibu kila kitu katika masini kinaitegemea, na masini yenyewe inaweza isiwake tena.

Usiokote DLL njiani

Mtu akiandika jina la DLL inayokosekana kwenye intaneti, anakutana na tovuti nyingi zinazotoa faili hiyo moja bure. Hapo ndipo pesa na habari za watu zinapotea.

DLL si picha wala maandishi. Ni programu kamili. Ikishaitwa, inafanya kazi kwa ruhusa zote za programu iliyoiita. Mtu mbaya akiweka ndani yake kitu cha kusoma nywila ao cha kufunga faili zako, hakuna dirisha litakalokuuliza. Katika chumba cha habari hatari ni mara mbili, kwa sababu ndani ya ordinatere kuna majina na sauti za watu walioomba wasitajwe.

Hatari hiyo hiyo iko kwa programu zilizovunjwa funguo. Mara nyingi aliyeivunja alibadilisha moja ya DLL zake. Antivirusi ikiifuta, programu inaanza kusema faili inakosekana, na mtu anaizima antivirusi ili kuirudisha.

Maktaba inachukuliwa kwa aliyeitengeneza: Microsoft kwa zile za Windows, watengenezaji wa Audacity kwa zile wanazozionyesha katika maelezo yao, apt kwa zile za Linux.

Njia za kuvuka toka sistemu moja hadi ingine

Ziko njia kadhaa, na kila moja ina bei yake.

Ya kwanza ni kuchagua programu ambayo watengenezaji wake wameitoa kwa kila sistemu. Audacity, VLC, LibreOffice na Mixxx ziko kwa Windows, Linux na Mac. Kila mtu anaweka ile ya sistemu yake, na maktaba zinakuja nayo.

Ya pili ni Wine, iliyoanza mwaka 1993. Inakaa katikati ya programu ya Windows na sistemu ya Linux, na kutafsiri kila ombi. Programu inaita kazi ya Windows, Wine inaifanya kwa njia ya Linux. Inasaidia kwa programu nyingi ndogo. Lakini kwa programu za kupanga vipindi vya radio, ambazo zinapaswa kutembea saa 24 bila kusimama, ijaribiwe wiki kadhaa nje ya antena kwanza.

Ya tatu ni furushi lililobeba kila kitu. Kwenye Linux kuna AppImage, faili moja yenye programu na maktaba zake nyingi ndani, na Audacity inatolewa hivyo. Ni nzito zaidi kupakua, lakini inasafiri vizuri kwenye flashi. Hata yenyewe ina mahitaji yake: kwenye Ubuntu ya 22.04, AppImage nyingi zinaomba kwanza maktaba ndogo inayoitwa libfuse2.

Ya ine, na ndiyo inayofaa zaidi kwa radio mbili zinazobadilishana vipindi, ni kusafirisha kazi na kuacha programu pale ilipo. Tangu Audacity 3.0 ya mwaka 2021, montaji nzima inahifadhiwa katika faili moja ya .aup3. Faili hiyo inafunguka kwenye Windows, Linux ao Mac, ikiwa tu Audacity ya upande wa pili ni ya toleo sawa na ile iliyoihifadhi ao jipya zaidi. Audacity 2 haiifungui. Kama upande wa pili haujulikani, tuma WAV.

Hatua za kufuata ujumbe ukitokea

1. Usifunge dirisha haraka. Piga picha ya ujumbe kwa simu. Jina la faili inayokosekana ndilo linaloonyesha njia.

2. Angalia sistemu na biti zake. Kwenye Windows, gusa kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha Pause, ao fungua sehemu ya mipangilio inayoeleza sistemu. Andika pembeni: Windows gani, biti ngapi.

3. Angalia toleo la programu na biti zake. Katika programu nyingi liko kwenye menyu ya msaada.

4. Tafuta furushi zima la maktaba kwa mtengenezaji wake, lenye biti sawa na za programu. Usitafute DLL moja.

5. Weka programu upya kwa kutumia faili yake ya kuwekea, si kwa kunakili folda kutoka masini ingine.

6. Ikiwa masini ni ya zamani sana, tafuta toleo la zamani la programu ambalo bado linaikubali. Lakini masini hiyo isitumiwe kwa nywila za benki wala kwa siri za watoa habari.

7. Saa ikikaza, geuza sauti kuwa WAV kwa VLC, upitishe habari. Utatengeneza masini baadaye.

Flashi moja kwenye droo

Mega zinagharimu, umeme unakatika, na mtandao unaweza kupotea siku ile ile ambayo habari ni nzito. Kwa hiyo studio, shule ao sekretaria inafanya vizuri ikiandaa mapema flashi moja isiyoazimwa. Ndani yake kuwe na faili za kuwekea Audacity, FFmpeg inayolingana nayo, VLC, na vc_redist za x86 na x64. Kuwe pia na karatasi inayosema kila ordinatere ya nyumba ina sistemu gani na biti ngapi.

Kabla ya kubadilisha programu yoyote katika masini ya antena, ijaribiwe kwanza kwenye masini ingine. Faili ya kuwekea toleo la zamani isifutwe. Toleo jipya likikataa saa kumi na moja na nusu, teknisie anaweza kurudisha la zamani, na ile sauti ya Oicha ikapita saa kumi na mbili.